Mlima wetu na picha zake

Kila mara mtu anapotaka kusifu inchi yetu mbele ya wageni, anaanza na theluji. Tumesoma makaratasi mingi ya utalii juu ya Ruwenzori, mengine ya wakati wa Wabeleji, mengine ya juzi juzi, na karibu yote yanaanzia fasi moja: mlima wa tatu kwa urefu katika Afrika, metre 5.109, barafu karibu kabisa na mstari wa ikweta. Halafu zinakuja lobelia zinazopita mtu kwa urefu, ukungu, vinyonga wenye pembe. Sisi wenyeji tunafika mwishoni, kwa mstari mmoja, pamoja na ngoma na ukarimu. Hatusemi kama ni uongo. Theluji iko, lobelia ziko, na ukarimu pia tunatumaini bado uko. Lakini karatasi inayoonyesha mlima bila watu wake inafundisha jambo fulani, na wa kwanza kulifundishwa ni watoto wetu wenyewe.

Tuchukue picha zenye sifa kuliko zote. Mwaka 1906 Luigi di Savoia, Mwana wa Mfalme kutoka Italia anayejulikana kama Duke wa Abruzzi, alipanda mlima kwa upande wa Uganda, akafika kilele tarehe 18 Juni. Pamoja naye alikuwa Vittorio Sella, mpiga picha. Kitabu cha safari ile, kilichoandikwa na Filippo De Filippi, kilitoka mwaka 1908. Tuseme kweli: picha za Sella ni kazi ya mtu fundi na mvumilivu. Kubeba vioo vya picha katika matope yale, kungojea mawingu yafunguke kwa dakika chache, si mchezo. Na zimekuwa na faida ambayo yeye mwenyewe hakuiwaza: wanasayansi wanazitumia kupima barafu iliyopotea. Wakati wake barafu ilifunika kilometre za mraba karibu 6 na nusu. Mwaka 2003 ilibaki karibu 1 tu.

Lakini mizigo ile ilipandishwa na nani? Wakonzo, ndugu zetu wa ng'ambo, ndio waliobeba hadi kambi ya mwamba ya Bujongolo, katika baridi ambayo hawakuwa na nguo zake. Majina ya viongozi wa barafu waliotoka Ulaya yanasomwa mpaka leo. Majina ya Wakonzo wale, nani kati yetu anaweza kuyataja hata matatu? Njo maana tunasema picha nzuri inaweza kuwa na kilema bila kukosa uzuri.

Majina ya vilele nayo ni habari ileile. Margherita ni malkia wa Italia. Alexandra ni malkia wa Uingereza. Milima sita mikubwa ya mstari ule inaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Speke hakuwahi kukanyaga mlima huu. Hata neno Ruwenzori lenyewe ni sikio la mgeni: Stanley, aliyeiona theluji mwaka 1888, aliandika vile alivyosikia. Sisi na Wakonzo tunasema Rwenzururu, kwa sababu nzururu ni theluji. Mlima wa theluji, basi. Jina linaeleza kitu. Mutoto wa darasa la tano anajua kuandika Margherita bila kosa, lakini neno nzururu amelisikia paka kwa koko yake, kama amebahatika kuwa na koko anayeongea naye Kinande. Na wazee wa pande zote mbili za mpaka walikuwa wanamtaja Kitasamba, mwenye makao yake juu katika baridi ile. Hatuombi mtu amwamini. Tunaomba tu mtu anayeandika juu ya mlima ajue kama juu kule, kabla ya vilele kupewa malkia, hapakuwa fasi tupu.

Kuna kivutio kingine ambacho makaratasi yanakipenda, nacho ni cha ajabu zaidi: mfupa wa Ishango. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin, mwanasayansi Mbeleji, aliuchimbua pale Ishango, ambapo Semliki inatoka katika Ziwa Edward. Una mistari iliyochongwa kwa mafungu, na wataalamu wanaupa umri wa karibu miaka 20.000. Wengine wanaona humo hesabu, wengine kalenda ya mwezi, wengine wanasema ni alama za kushikia tu. Makaratasi yanaandika „njooni Ishango". Sawa, lakini mgeni akifika Ishango ataona ziwa, mto, viboko na ndege. Mfupa uko Brussels. Anayetaka kuuona apande ndege upande wa pili. Hatujawahi kuona karatasi ya utalii ambayo inasema jambo hili waziwazi, na tunafikiri ni deni kwa msomaji.

Tusije tukawalaumu wageni peke yao. Sisi wenyewe, siku mkubwa anapokuja, tunafanya nini? Tunaita balé. Vijana wanavaa raphia, ambayo wengi wao hawajaivaa siku nyingine yoyote, wanacheza dakika kumi kiwanjani chini ya jua, mkubwa anapiga makofi, gari zinaondoka. Tumehudhuria mambo haya mara mingi. Ngoma inapigwa vizuri, vijana wana nguvu, hatuwanyimi haki yao. Shida yetu ni mkato. Nyimbo za olusumba, kwa mfano, zilikuwa na fasi yake: vijana walipelekwa porini kutahiriwa, wakakaa huko kwa muda mrefu, wakafundishwa nyimbo kwa mpangilio, wimbo mmoja ukifungua mlango wa mwingine. Leo mutoto anatahiriwa hospitali angali mchanga, na ni vizuri kwa afya yake, hakuna atakayelilia kisu cha zamani. Lakini nyimbo zilizoachwa bila pori zimekuwa sawa vile vipande vya kitambaa: unachukua chekundu, unachukua cheusi, unashona bendera ya sikukuu. Anayezijua zote kwa mfuatano wake ni mzee, na mzee hakualikwa kiwanjani kwa sababu hawezi kuruka.

Endara inatuumiza zaidi. Anayeijua anajua kama si chombo cha mtu mmoja. Mbao zinalazwa juu ya migomba miwili, wapigaji wanakaa pande mbili wakitazamana, na kila mmoja ana kipande chake kidogo, kifupi, karibu cha kuchosha ukikisikia peke yake. Muziki unatokea katikati, pale vipande vinapoingiana. Mtu akichelewa kidogo, wote wanasikia. Ni chombo kinachotaka watu wanaojuana, wenye saa nyingi mbele yao. Sasa kimepata mrithi wa haraka: kibodi ya umeme, kijana mmoja, kitufe kimoja. Hatupigi vita kibodi. Katika kanisa na katika arusi za Butembo imefanya kazi yake. Lakini balé inapocheza juu ya sauti ya kibodi inayoiga endara, halafu msemaji anatangaza „utamaduni wetu wa asili", tunaona haya kidogo. Heri angesema tu: tunacheza.

Kama tungeulizwa mgeni aonyeshwe nini, tungeanza na kitu kisicho na bei wala kiwanja: majina. Kwetu mutoto hapewi jina la baba. Anapewa nafasi yake. Mvulana wa kwanza ni Paluku, au Mumbere, au Nzanzu. Wa pili Kambale. Wa tatu Kasereka. Wa nne Kakule. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira. Mama akizaa wasichana watupu halafu mvulana akaja, au kinyume chake, huyo ni Muhindo, aliyegeuza mambo. Kwa hiyo, mtu akikuambia jina lake tu, amekwisha kukueleza kidogo juu ya nyumba yao: wangapi wamemtangulia, nani alingojewa. Ukiita „Kambale!" sokoni, vichwa kumi vitageuka, na hiyo nayo ina utamu wake. Lakini karatasi za Ulaya haziwezi kusoma jambo hili. Ndugu zetu waliohamia kule, jina la baba linawekwa kuwa la familia, na unakutana na binti anayeitwa Kambale, wa kwanza kwao, mwanamke, mwenye jina la mvulana wa pili. Hakuna aliyekosea. Ni sanduku la karatasi halikutengenezwa kwa vitu vyetu.

Na mbuzi. Mahari kwetu yanahesabiwa kwa mbuzi, na hata leo, mjini, pale ambapo feza inatoka mfukoni kwa dola, wazee wanaendelea kusema „mbuzi" kadhaa. Vijana wengine wanacheka: mbuzi gani za karatasi? Sisi tunaona wazee wana sababu. Mbuzi ana mwenyewe: huyu wa mjomba, huyu wa mama. Dola haina shangazi. Neno likibaki, mgawo nao unabaki, na mgawo ndio unaofunga jamaa mbili. Mambo ya namna hii yalikuwa yanazungumzwa katika ekyaghanda, banda la moto la wanaume, jioni, mvua ikinyesha nje kama inavyojua kunyesha kwetu. Humo kesi zilikatwa, humo kijana alijifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kusema.

Hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Ekyaghanda inataka kijiji, na kijiji kinataka watu waliokaa. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limeona mauaji yasiyohesabika kwa urahisi, na kuanzia mwisho wa 2020 vijiji vya sekta ya Ruwenzori navyo viliguswa sana. Kati ya 2018 na 2020 Ebola ikapita Beni na Butembo, ikatukataza hata kushikana mikono kwenye matanga na kuosha maiti wetu wenyewe. Watu waliokimbia walibeba godoro, sufuria, watoto. Endara haikubebwa. Moto wa banda haubebeki. Mzee aliyelala kwa ndugu katika kyumba cha mjini, watoto wa nyumba wakitazama televizio, atamfundisha nani wimbo unaochukua usiku mzima? Wale wanaotuambia utamaduni utatuletea watalii wanasahau kuuliza kama utamaduni wenyewe umepata fasi ya kulala.

Kuna pia mambo ya mupaka wa park. Park Albert ilianzishwa mwaka 1925, ikapanuliwa katika miaka iliyofuata hadi kuchukua sehemu ya juu ya mlima. Tangu 1969 inaitwa Virunga. UNESCO iliipokea mwaka 1979, na mwaka 1994 ikaiweka kati ya urithi ulio hatarini. Tunaheshimu kazi ya walinzi wake, wengi wao wamekufa wakiwa kazini. Lakini tangu mupaka ule, mwenyeji alipanda juu kwa mlango mmoja tu: kama kiongozi au mbebaji wa mgeni, kutoka Mutsora, kwa bonde la Butawu, kupitia Kalonge, Mahangu na Kiondo. Chini ya mupaka kahawa ya arabika, mihogo na maharagwe vimebanana hadi mashamba yanateleza. Karatasi ya utalii ingepata nguvu kubwa kama ingeeleza hilo, kwa sababu mgeni mwenye akili ataona mstari ule kwa macho yake: upande huu shamba, upande ule msitu, kama umekatwa kwa rula. Atauliza. Na kiongozi atajibu nini, kama hakuandikiwa kitu?

Tumeambiwa kama chama chetu kinataka kutoa karatasi yake mpya juu ya mlima. Tungeomba mambo machache. Rwenzururu iandikwe mbele, na Ruwenzori nyuma yake. Ishango isemwe pamoja na Brussels. Picha ya endara ionyeshe nyuso za pande zote mbili, siyo mikono tu. Na mabonde, vijito na mapango ya upande wetu yaandikwe kwa majina ambayo wabebaji wa zamani walikuwa wanayatumia. Wachache wao wangali hai, baadhi wako Mutwanga, wengine walikimbilia Oicha na Butembo, na kalamu moja na daftari moja vingetosha kuanza nao wiki hii.