Kupima Nguvu ya Kemikali Mbili za Mimea kwa Pamoja

Makrofeji ni seli za kinga zinazomeza vijidudu na kupiga mbiu ya hatari. Zikikutana na lipopolisakaridi, kemikali ya ganda la nje la baadhi ya bakteria, kipokezi kiitwacho TLR4 huamka, protini ya NF-κB huingia kwenye kiini cha seli, na jeni za uvimbe huanza kazi. Hapo hutoka TNF-alfa, IL-6 na kimeng'enya cha kutengeneza naitriki oksaidi. Kwa njia hii maabara huchunguza kama kurkumini ya manjano na piperini ya pilipili manga hutuliza uvimbe zaidi zikiwa pamoja.

Seli zinazotumika sana ni RAW 264.7, za panya. Huoteshwa kwenye sahani ya visima 96, hutiwa kemikali za mimea na lipopolisakaridi, kisha huachwa kwa takriban saa 24. Kioevu cha visima kikitiwa kitendanishi cha Griess hugeuka waridi kwa kadiri ya naitriti (zao la naitriki oksaidi) iliyomo, na mashine husoma rangi hiyo kwenye nanomita 540.

Waridi hafifu peke yake haithibitishi kitu, kwa kuwa seli iliyokufa nayo haitoi naitriki oksaidi. Ndiyo maana hufanywa pia kipimo cha MTT, ambamo seli hai hugeuza chumvi ya njano kuwa fuwele za zambarau. Tena, kurkumini ina rangi yake, hivyo visima vyenye kurkumini bila seli lazima visomwe kando.

Kiini cha kazi ni hesabu. Ikiwa kemikali moja inahitaji mikromola 20 kupunguza naitriki oksaidi kwa nusu, ya pili 40, na mchanganyiko wa 5 na 10 ukafikia nusu ileile, basi 5/20 + 10/40 = 0.5. Jumla ikiwa chini ya 1, zinaongezeana nguvu. 1 kamili zinajumlishana tu. Zaidi ya 1 zinapingana. Utafiti unaolinganisha mchanganyiko na kemikali moja pekee, bila hesabu ya aina hii, haujathibitisha ushirikiano wowote.

Sifa ya piperini ilitokana hasa na jaribio la 1998 kwa binadamu: miligramu 20 zake ziliongeza upatikanaji wa kurkumini mwilini kwa asilimia 2,000. Lakini huko inadhaniwa piperini ilizuia ini na utumbo kuiondoa kurkumini haraka. Sahani ya maabara haina ini wala utumbo, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kutumiwa kama ushahidi wa kinachotokea ndani ya makrofeji.