Mzizi Unaokula Uji

Ukisimama kando ya barabara hapa Fungurume, mkoani Lualaba, wakati malori ya shaba yakipita kuelekea Likasi, utauziwa munkoyo, kinywaji chetu cha nafaka, katika chupa za plastiki, mweupe, mtamu kwa sukari ya dukani. Unakata kiu, kisha unausahau. Ule mwingine hauuzwi barabarani. Ni lazima uingie ndani, upite nyumba za matofali, uulize, na ukifika usubiri. Huo ndio ninaotaka kuusemea.

Mama anayeupika ni mtu mzima, Musanga, mmoja wa Basanga wa hapa hapa. Nilimkuta jioni ameketi kwenye kigoda, uji wa mahindi umeshaepuliwa na kufunikwa. Pembeni yake palikuwa na fungu la mizizi myembamba, rangi ya udongo, iliyotwangwa hadi ikafumuka nyuzi nyuzi kama kamba kuukuu. Nikamwuliza kama naweza kumsaidia kuitia chunguni.

“Bado, baba. Uji ungali na moto, utaua mzizi.”

Alichovya kidole, akakitoa, akafunika tena. Tukazungumza habari za mvua na za watoto. Akachovya mara ya pili. Mara ya tatu hakusema neno: aliichukua mizizi kwa mikono miwili, akaizamisha, akaanza kukoroga kwa mwiko mrefu, akishuka hadi chini ya chungu na kupanda, bila haraka yoyote.

Uji ule ulikuwa mzito, mwiko ulisimama wima ndani yake. Kidogo kidogo ukaanza kulegea. Hakuna aliyeongeza hata kikombe cha maji. Ulilegea wenyewe, ukawa mwepesi kama maziwa, na sauti ya mwiko ikabadilika. Mahali pa kile kishindo kizito pakaja mchirizi. Akanionjesha. Ulikuwa mtamu, na ndani hamkuwa na punje ya sukari. Wataalamu wanaeleza kwamba mizizi hii ni ya mimea ya jamii ya kunde inayoota katika misitu yetu ya miombo, na kwamba ina vimeng’enya vinavyovunja wanga wa nafaka na kuugeuza sukari. Mama anasema mzizi unakula uji. Nimeona kwa macho yangu, na maelezo yote mawili ni ya kweli.

Munkoyo hulala ndani ya kibuyu kile kile cha siku zote, kisichosuguliwa kwa sabuni, maana uchachu wa leo umerithiwa kutoka kwa ule wa juzi. Asubuhi unakuwa mkali kidogo, una harufu ya mti uliochimbuliwa, na uchungu mdogo unabaki nyuma ya ulimi. Mtoto anaweza kuunywa. Ukiachwa siku kadhaa, si wa mtoto tena.

Nkambo wangu, kama tunavyomwita babu au bibi hapa, alikuwa akinichukua porini kuchimba mizizi hiyo. Wakati wa mvua, mmea ukiwa na majani, aliweka alama kwa jiwe, ili kiangazi, majani yakishakwisha, ajue pa kupiga jembe. Alichimba upande mmoja tu wa shina. Kisha alirudisha udongo kwa kiganja na kuukandamiza kama anayemfunika mtoto shuka. Sikumwuliza kwa nini. Nilidhani kila mtu anachimba hivyo.

Miaka ya karibuni rafiki yangu aliporudi kutoka Italia aliniletea chupa ya divai nyekundu ya jimbo la Friuli, ya zabibu inayoitwa Schioppettino. Nilipoinywa nikakutana na pilipili manga, jambo ambalo sikulitarajia katika zabibu, na nikataka kujua habari zake. Kumbe nayo ilikaribia kupotea, kama mzizi wetu unavyokaribia leo. Katika miaka ya 1970 haikuwamo hata katika orodha ya mizabibu iliyoruhusiwa kupandwa. Mume na mke, Paolo na Dina Rapuzzi wa Cialla, walitafuta mizabibu michache iliyobaki, wakaipanda upya. Mwaka 1975 ukoo wa Nonino, wapikaji wa pombe kali ya grapa, ulianzisha tuzo kwa ajili ya wanaookoa mizabibu ya kwao. Jina la tuzo hiyo kwa Kifriuli maana yake ni chipukizi la dhahabu. Leo zabibu hiyo inapandwa kwa ruhusa ya sheria, na chupa yake imenifikia mimi Lualaba.

Nani ametoa chipukizi la dhahabu kwa mzizi wetu? Miombo inakatwa kwa ajili ya makaa, gunia juu ya gunia juu ya baiskeli, kwa sababu miji imejaa watu na chakula lazima kiive. Tangu uchimbaji mkubwa uanze hapa mwaka 2009, watu wamemiminika, na mahali ambapo nkambo aliweka mawe yake pana nyumba. Siwalaumu waliokuja kutafuta maisha. Ninaulaumu uvivu wetu sisi wenyeji, tunaomwaga sukari na hamira katika uji, tukauita munkoyo, tukawapa wageni wetu kwenye harusi na kilio bila haya.

Nchi hii imeshapoteza ustadi mmoja. Basanga waliitwa walaji wa shaba: waliyeyusha mawe ya kijani ya vilima hivi katika tanuru za udongo, na misalaba ya shaba ilikuwa ikitengenezwa Katanga karne nyingi kabla ya kampuni ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Misalaba hiyo sasa imelala katika makabati ya makumbusho. Mikono iliyojua lini tanuru imeiva haimo katika kabati lolote.

Mizizi ya mama siku hizi inaletwa kutoka mbali, na si kila mara inafika. Nilipomwuliza nani kati ya wajukuu anajua kuichimba, alitazama kibuyu, kisha akanijazia kopo la pili.

Basi wewe unayepita Fungurume, usinunue ule wa barabarani. Shuka, ingia ndani, uliza kama mzizi umo. Ukiambiwa umo, keti, ngoja upoe, na ulipe bei atakayoitaja mama bila kuomba upunguziwe.