Njia nne, akachagua ya kwanza

Mliokuwa ukumbini pale Tabora mjini mliona kila kitu, kwa hiyo siwarudishi mwanzo. Mwezeshaji wa somo aliijenga samtools kwenye seva ambako hana sudo, na kazi ya msingi aliifanya vizuri: --prefix ikaelekea $HOME/programu, ncurses na xz zikatangulia, hitilafu zikasomwa kwenye config.log. Kisha akaiharibu asubuhi nzima kwa mstari mmoja ndani ya .bashrc.

Rudini kwenye ile dakika. xz imemaliza make install, libtool ikatoa ujumbe wake wa siku zote wenye njia nne: LD_LIBRARY_PATH wakati wa kuendesha, LD_RUN_PATH wakati wa kuunganisha, -Wl,-rpath, au msimamizi aiongeze folda kwenye /etc/ld.so.conf. Ya nne inahitaji root. Nawaelewa wasiotaka kuisubiri. Hata Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tangu Machi hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi. Zikabaki tatu, na mbili kati yake huandika anwani ndani ya programu yenyewe. Yeye akachukua ya kwanza, akaipa export ya kudumu, akaendelea na somo.

Alipofungua terminali mpya, bash ikalalamika kwamba libtinfo.so.6 haina taarifa za toleo. “Ni onyo tu,” akasema. Hapana! Bash ya mfumo ilikuwa imeiacha libtinfo iliyojengewa, ikashika ile aliyoijenga yeye kwa ajili ya samtools. Kigeu kile, LD_LIBRARY_PATH, hakichagui. Kinatangulia mbele ya git, mbele ya python, mbele ya karibu kila kitu kwenye akaunti yake. Siku akijenga OpenSSL yake humo humo, hatapata onyo. Programu zitaanguka, naye ataitafuta hitilafu mahali isipokuwepo.

Kwenye misafara ya Wanyamwezi kirangozi alitangulia na wote wakamfuata, na ilifaa kwa sababu wote walikuwa wakienda mahali pamoja. Programu za kwenye seva haziendi mahali pamoja.

Na ile -L, nimeisema humu mpaka sauti imekauka. -L ni ya kiunganishi. Kipakiaji, kile kinachozitafuta laibrari programu inapoanza, hakiioni kabisa. Ndiyo maana, kabla hajafungua terminali mpya, ldd ilimwonyesha “not found” ilhali make ilipita bila neno, na hapo ndipo alipobabaika. Wazee walionifundisha kwenye Solaris hawakuandika -L bila -R pembeni yake, ili njia ya kuendesha ikae ndani ya faili tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Kizazi hiki kina zana bora mara kumi na kimeiacha tabia ile.

Alichotakiwa kuandika ni hiki:

LDFLAGS="-L$HOME/programu/lib -Wl,-rpath,$HOME/programu/lib"

Kisha readelf -d samtools, atazame RPATH au RUNPATH. Tofauti yake ni kubwa: RUNPATH husomwa baada ya LD_LIBRARY_PATH, na haizisaidii laibrari ambazo laibrari nyingine inazihitaji. Kwa hiyo kila laibrari ya nyumbani ijengwe na rpath yake. Iliyokwisha kujengwa hurekebishwa kwa patchelf, nayo haihitaji root. Na kama angebanwa kabisa, angekiweka kigeu mbele ya amri moja tu, kisha amri ikiisha nacho kiishe.

Kuna vijana waliokuwa wakinakili kila alichoandika ubaoni, na hao ndio wanaoniuma. Fungueni .bashrc leo, futeni mstari ule, jengeni samtools upya kwa -rpath, kisha mfungue terminali mpya. Bash ikikaa kimya, jaribuni LD_DEBUG=libs samtools mwone kila laibrari inachukuliwa kutoka folda gani.