Mabano Yaliyoharibu Kazi Nzuri

Mirija ya nano ya kaboni iliyotiwa kasoro za kwanta kwa makusudi, mng'ao wa infraredi unaobadilika ikigusana na seramu, kompyuta iliyofundishwa kusoma mabadiliko hayo kwa sampuli 269: kazi ya maabara ya Daniel Heller, Memorial Sloan Kettering, New York, ni safi.

Kosa liko kwenye muhtasari wa makala yao. Mwaka 2022, katika jarida la Nature Biomedical Engineering, walitangaza kwamba mirija hiyo inatambua saratani ya ovari ya serasi ya daraja la juu kwa unyeti, yaani uwezo wa kuwanasa wagonjwa, wa asilimia 87, umahususi, yaani uwezo wa kuwaacha wasio wagonjwa, ukiwa asilimia 98. Kisha wakafungua mabano. Ndani yake wakaweka kipimo bora cha sasa cha uchunguzi wa awali, yaani kiashiria cha damu cha CA-125 pamoja na ultrasaundi ya ukeni: asilimia 84 kwa 98. Msomaji mwenye haraka anaondoka na ushindi wa pointi tatu. Ushindi huo haupo, kwa sababu hakuna mechi iliyochezwa.

Sampuli zao, na muhtasari wenyewe unasema, zilitoka kwa wanawake wenye dalili. Kipimo cha ndani ya mabano kazi yake ni kumpata mwanamke asiyeumwa popote, anayeendelea na shughuli zake, ambaye uvimbe wake, kama upo, bado ni mdogo mno kumsumbua. Damu ya mwanamke ambaye tumbo limeshaanza kujaa maji haiwezi kusimama badala ya damu ya huyo. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ulinganisho halali walikuwa nao mkononi: kwa data yao wenyewe, viashiria vya protini vinavyojulikana havikufikia matokeo ya mirija. Hilo ndilo lilipaswa kutangulia. Wamelisukuma hadi sentensi ya mwisho.

Hata hiyo asilimia 98 inasikika kubwa mpaka uipeleke mtaani. Chukua wanawake 100,000 waliokoma hedhi, ambao kwa mwaka mmoja 40 hivi wana saratani hii. Kipimo kitanasa 35. Pamoja nao kitawaita karibu 2,000 wasio na kitu. Na ovari haichomwi sindano ovyo, kwa hofu ya kumwaga seli tumboni; jibu la uhakika mara nyingi hupatikana kwa kisu. Katika PLCO, jaribio la Marekani la uchunguzi wa awali wa saratani, lililochapishwa mwaka 2011, wanawake 3,285 walipata majibu ya kutisha ya uongo, 1,080 wakapasuliwa, na 163 kati yao wakapata madhara makubwa. Hao ndio wanaolipa gharama ya asilimia mbili iliyobaki.

Nimeyaandika haya tangu OvaSure na sitaacha. Juni 2008 kipimo hicho cha viashiria sita vya saratani ya ovari kiliingia sokoni Marekani kikidai kwamba mwanamke kikimwambia anaumwa, uwezekano wa kuwa kweli ni asilimia 99.3. Namba hiyo ilitoka ndani ya kundi la utafiti, ambamo wagonjwa walijaa kuliko watakavyowahi kujaa mtaani. Ilipokokotolewa upya kwa hali halisi ya watu, ikaanguka hadi 6.5. Kabla Oktoba haijaisha, kipimo kilikuwa kimeondolewa. Miaka kumi na minne baadaye bado tunaazima namba za kundi moja kuzipimia kundi jingine.

Wanaotumia mirija ya kaboni kupiga picha za uvimbe wana nidhamu zaidi. Kundi la Angela Belcher pale MIT, mwaka 2014, lilifunga mirija ya kaboni kwenye kirusi cha M13, likakielekeza kwenye protini ya SPARC, na ndani ya panya vivimbe visivyofika milimita moja vikaonekana na kukatwa. Hawakudai kuchunguza taifa zima. Walidai kumsaidia daktari mpasuaji kuona, basi.

Na wazee wa fani hii walijua kusubiri. Robert Bast na wenzake walitoa kingamwili ya OC125 mwaka 1981, na hadi leo kila kipimo kipya kinapimwa kwa CA-125 iliyotokana nayo. Ian Jacobs na Usha Menon waliandikisha wanawake 202,638 kwenye jaribio la uchunguzi wa awali nchini Uingereza, kuanzia mwaka 2001. Mbinu yao ya kufuatilia mwenendo wa CA-125 mwaka hadi mwaka ilifikia unyeti wa asilimia 85.8 kwa umahususi wa 99.8. Pima tofauti: anayebakiza asilimia 0.2 anawatisha bure wanawake pungufu mara kumi kuliko anayebakiza mbili. Hata hivyo, mwaka 2021 walisimama wakasema wazi kwamba uchunguzi wao haukupunguza vifo. Miaka ishirini ya kazi, na hawakutafuta mabano ya kujifichia.

Jaribio hilo la Uingereza limehifadhi seramu za wanawake zilizotolewa miaka kadhaa kabla hawajagunduliwa kuwa na saratani, pamoja na za wenzao ambao hawakuugua. Mirija ya New York ipelekwe huko, wasomaji wa matokeo wasijue sampuli ipi ni ya nani, na CA-125 ipimwe kwenye chupa zilezile. Wakipata 87 kwa 98 katika damu hiyo, nitaichapa namba yao hapa kwa herufi nzito. Wakipata 60, waichapishe vilevile, kwenye sentensi ya kwanza ya muhtasari.