Jamani, Mkia Uko Wapi? Mara ya Kwanza Kuiona J-36

Mkia uko wapi? Swali lilinitoka kwa sauti, peke yangu sebuleni, tarehe 26 Desemba 2024, pilau la Krismasi likiwa bado linapashwa moto jikoni. Simu ilikuwa imefurika ujumbe kutoka kwa wenzangu wenye ugonjwa huu wa ndege, na kila ujumbe ulibeba kipande kilekile cha video: sekunde chache, mkono wa mpiga picha ukitetemeka, anga la kijivu la Chengdu, na humo kitu kipana, bapa, kilichochongoka, kama kishada kilichokata uzi. Pembeni yake J-20S, ndege ya kivita ya viti viwili, ikikisindikiza taratibu kama somo na mwari wake. Niliirudia video hiyo mpaka bando likaisha. Nikanunua jingine.

Tuanze na jina, maana hata hilo ni la kupachikwa. China haijaitangaza ndege hii kwa jina lolote. J-36 ni jina tuliloliokota sisi wapenzi wa ndege kwenye namba 36011 iliyoandikwa ubavuni mwake. Lakini angalia siku waliyoitoa: 26 Desemba, siku aliyozaliwa Mao Zedong. Na kiwanda cha ndege cha Chengdu, kilichoiunda, kina historia ya kuchagua siku. J-20 iliruka mara ya kwanza tarehe 11 Januari 2011, Waziri wa Ulinzi wa Marekani wakati huo, Robert Gates, akiwa Beijing kwa ziara. Siri ya namna hiyo hairushwi mchana kweupe juu ya vichwa vya watu kwa bahati mbaya. Siku hiyohiyo ikaonekana na nyingine, kazi ya kiwanda kingine, cha Shenyang, ndogo kidogo, injini mbili, nayo haina mkia. Nzuri, lakini leo sina nafasi yake. Leo ni siku ya jitu la Chengdu.

Basi, mkia. Ndege yoyote ya kivita uliyozoea kuiona, iwe MiG-21, F-16 au Rafale, ina bawa la wima kule nyuma, moja au mawili. Kazi yake ni ile ya usukani wa jahazi: kuishika pua isiyumbe, na kuigeuza ukitaka. J-36 haina. Ni bawa tupu, na mwili umeyeyukia ndani yake. Kwa nini mtu aung'oe usukani wa chombo chake mwenyewe? Kwa sababu ya rada. F-22 na F-35 zimechongwa hasa kuzikwepa rada za mawimbi mafupi, zile zinazoongoza makombora. Lakini zipo rada za mawimbi marefu, ya mita moja au mbili, na mawimbi hayo yakigonga kipande cha ndege chenye ukubwa unaokaribiana nayo, kama mkia, hurudi na habari. Ng'oa mkia, umemfukuza mbea nyumbani.

Sasa inageukaje? Hapa ndipo nilipoganda. Aprili 2025 ilitoka video nyingine, iliyopigwa barabarani karibu na uwanja wa kiwanda, ndege ikishuka kutua chini kabisa, juu ya magari. Isimamishe hapo. Tazama ncha za mabawa: vibao vimefunguka, kimoja juu, kimoja chini, kama mdomo wa mamba anayeota jua. Mvuvi yeyote wa mtumbwi atakueleza bila kwenda chuo: zamisha kafi upande wa kushoto, likaze, na mtumbwi utageukia kushoto. Vile vibao ndiyo makafi ya J-36. Na anayeyashika si rubani, ni kompyuta, inayorekebisha bila kupumzika, kwa sababu ndege ya umbo lile ukiiachia mkono wa binadamu peke yake itayumba mpaka imwage watu.

Utaniambia B-2 ya Marekani haina mkia na inaruka tangu 1989. Kweli, lakini B-2 ni mbebaji wa mabomu, haivuki kasi ya sauti na haina haraka ya kugeuka. Kuuondoa mkia kwenye ndege ya kivita ni kazi nyingine kabisa. NASA na McDonnell Douglas walilijaribu wazo hilo mwaka 1997 kwa kindege kilichoongozwa kutoka chini, kikiwa asilimia 28 tu ya ukubwa uliokusudiwa. Kikaruka vizuri, kikawekwa kando. Na jina lake, ushike kiti, lilikuwa X-36.

Injini! Zihesabu: moja, mbili, tatu. Sijawahi kuona ndege ya kivita ya siku hizi yenye injini tatu, na nilipoyaona matundu yale ya moto yamejipanga kule nyuma nilicheka kama mtoto aliyepewa mpira. Mbili zinavuta hewa kwa matundu ya chini ya mabega. Ya tatu, ya katikati, inavuta kwa tundu lililoko mgongoni, nyuma ya chumba cha rubani. Na tundu hilo la mgongoni linasema mengi kuliko msemaji yeyote wa jeshi. Ndege ikiinua pua juu sana, kama marubani wanavyofanya wakikabana kwa karibu, mwili wake wenyewe utalikinga tundu lile lisipate hewa. Aliyelichora pale hakuwa akifikiria mieleka. Hataki J-36 ikutane na adui uso kwa uso hata siku moja.

Shuka kwenye magurudumu. Ukitaka kujua Fuso limejengwa kubeba nini, huhangaiki na maneno ya dereva, unahesabu tairi. J-20 inasimama kwa tairi moja kila upande wa nyuma. J-36 hii ya kwanza ina mbili kila upande, moja mbele ya nyingine. Ni nzito basi, nzito haswa, na uzito huo mimi nausoma kuwa ni mafuta ya safari ndefu ndani ya bawa lile pana, pamoja na makombora tumboni. Milango ya tumbo inaonekana: mkubwa katikati, na midogo miwili ubavuni. Mzigo wote unakaa ndani, maana kombora likining'inia nje, rada inaliona.

Na makombora yenyewe ndiyo yaliyobadilisha mchezo. Usiku wa kuamkia 7 Mei 2025 India na Pakistan zilipigana angani, na ndege za pande zote mbili zilirusha makombora bila kuvuka mpaka. Pakistan ilitumia J-10C, nayo ni ya Chengdu, na kombora la PL-15, ambalo toleo lake la kuuzwa nje limetangazwa kufika kilomita 145. Hiyo ni mbali kupita Dar es Salaam hadi Chalinze. Idadi ya zilizoanguka bado inabishaniwa, ila mkuu wa majeshi wa India mwenyewe alikubali kwamba walipoteza ndege, bila kutaja ngapi. Katika vita vya namna hiyo kugeuka vizuri kunakusaidia nini? Anayeshinda ni aliyeona kwanza na asiyeonekana. J-36 ndivyo ilivyo, imechongwa kwa hesabu hiyo kutoka puani hadi nyuma.

Kwa msomaji wa Tanzania, kiwanda cha Chengdu si kigeni. Chengdu ndiko zilikotoka J-7, wajukuu wa MiG-21, na J-7 ndizo ndege za kivita tulizozoea kuzisikia zikipasua anga nchini. Weka picha ya J-7 kando ya J-36. Moja ni bomba lenye mabawa na kiti kimoja. Nyingine sijui hata niiite nini.

Viti, lo, nilitaka kusahau. Picha za mbele zilizofuata zinaonyesha viti viwili, tena ubavu kwa ubavu, kama kwenye basi, siyo mbele na nyuma. Mmoja anaendesha. Wa pili anafanya nini? Jibu langu: anachunga. Kwenye gwaride la Beijing la 3 Septemba 2025 China ilipitisha juu ya malori ndege za kivita zisizo na rubani, kubwa, za kwenda vitani pamoja na zile zenye watu. Kundi la namna hiyo linataka mchungaji, na mchungaji anataka kiti, vioo na utulivu.

Wamarekani nao hawajalala. Mei 2024 Frank Kendall, aliyekuwa Waziri wa Jeshi la Anga, alikaa ndani ya X-62A, ambayo ni F-16 iliyofundishwa kupigana kwa akili mnemba, na ikazunguka naye angani kwenye kituo cha jeshi la anga cha Edwards huku rubani wa kawaida akiwa nyuma kwa tahadhari tu. Mwezi Agosti 2025 YFQ-42A, ndege ya kivita isiyo na rubani ya kusindikiza wakubwa, ikaruka California. Na yule mkubwa mwenyewe? Ni F-47 ya Boeing, iliyotangazwa Ikulu ya Marekani tarehe 21 Machi 2025. Jeshi lao la anga limeandika kwamba itaenda zaidi ya maili 1,000 za baharini kupigana na kurudi, kwa kasi inayopita mara mbili ya sauti. Wanasema pia ndege za majaribio zilizoizaa zimeruka mamia ya saa kwa siri. Ila tulichoonyeshwa ni mchoro, mawingu yamefunika nusu ya mwili. Mchoro! Mimi ni mtu wa chuma. Yenye chuma cha kupigwa picha kutoka barabarani ni ya Chengdu.

Nikosoe kidogo, wasije wakasema nimenunuliwa. Injini tatu ni matumbo matatu ya kulisha na vichwa vitatu vya kumuumiza fundi. Nashuku zimewekwa tatu kwa kuwa mbili walizonazo hazikutosha kulisukuma dude lile, wala si kwa kupenda kwao. Na jitu hili likibanwa karibu na kindege chepesi chenye rubani mjanja, nitamwonea huruma aliye ndani. Uzuri? Upande mmoja inapendeza mpaka inatisha. Ukiitazama kwa nyuma imekaa kama chura.

Lakini mwishoni mwa Oktoba 2025 ikaonekana ya pili. Matundu ya moto yamebadilishwa umbo, magurudumu yamepangwa upya. Miezi kumi tu tangu ile ya kwanza! Hawa hawachezi na sanamu la maonyesho, wanajenga, wanarusha, wanarekebisha. Kura yangu nimeshaipiga: tangu J-20 ya 2011 sijaona ndege iliyonitoa kwenye kiti namna hii. Itafute ile video ya barabarani, isimamishe kabla haijagusa ardhi, na uangalie ncha za mabawa.