Herufi Moja Mwishoni mwa Kitenzi

Mwanafunzi wa Bogotá anaandika: Is raining. Mwalimu mwenye haraka atachora mstari mwekundu, aongeze It mbele, apite. Aliyebobea ataisoma tena, kwa kuwa ndani ya maneno hayo mawili anakisikia Kihispania: está lloviendo. Hapo hatajwi mtenda wala hatafutwi, kitenzi kimejitosheleza. Mwanafunzi hakusahau neno. Ametii kanuni aliyolelewa nayo.

Ninawaheshimu mno walimu wanaowafundisha Kiingereza wasemaji wa Kihispania, hasa kwa ustadi huu wa kusoma kosa hadi kwenye chimbuko lake.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna masikio ya kuuelewa. Tukisema “wamefika”, watendaji wamo ndani ya kitenzi. Ndivyo ilivyo kwa llegaron. Tunasema “amefika mgeni”, nao husema llegó el tren, kitenzi kikitangulia, na hashangai mtu. Kiingereza cha Kale nacho kilikuwa na uhuru mkubwa kuliko cha leo, maana miishio ya nomino ilisaidia kuonyesha nani katenda na nani katendwa. Miishio hiyo ilianza kufifia hata kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na katika karne zilizofuata mingi ikapukutika. Mzigo wake ukahamia kwenye mpangilio wa maneno. Ndiyo maana leo nafasi iliyo mbele ya kitenzi ni kama kiti cha mwenyekiti: kikao hakianzi kiti hicho kikiwa kitupu, hata kama atakayekikalia ni it isiyomtaja yeyote.

Ustadi huu una wazee wake. Mwaka 1941 Chuo Kikuu cha Michigan kilianzisha taasisi ya Kiingereza chini ya Charles Fries, na wanafunzi wake wa mwanzo walitoka Amerika ya Kilatini. Huko alifanya kazi Robert Lado, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Hispania. Katika kitabu chake cha mwaka 1957, Linguistics Across Cultures, alisisitiza kwamba mwalimu azilinganishe lugha zote mbili, ajue mapema mwanafunzi atakwama wapi.

Lakini ulinganishaji hauelezi kila kitu, na hapa ndipo kazi inaponivutia zaidi. Kihispania hukigeuza kitenzi kwa kila nafsi: hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan. Kiingereza kina speak, na kwa nafsi ya tatu umoja tu, speaks. Ungedhani aliyezoea maumbo sita hatasumbuliwa na herufi moja. Wapi! He speak huendelea kusikika hata kwa wanaozungumza kwa ufasaha. Mwaka 1974 Heidi Dulay na Marina Burt walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Kihispania na wa Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Vitenzi vya Kichina havibadiliki kwa nafsi kabisa, lakini makundi yote mawili yalifuata mfuatano unaokaribiana sana, na s hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochelewa.

Mwalimu anayelijua hili hamkaripii mwanafunzi kwa s iliyodondoka. Huirudisha katika masimulizi, katika maswali, juma baada ya juma, bila kuinua sauti.

Naye akiletewa people is very kind, hafuti kwanza. Anaandika ubaoni la gente es, ambayo kwa Kihispania ni umoja halali, kisha people are. Anaandika me gustan los libros, na mshale unatoka kwenye vitabu kwenda kwenye kitenzi, kwa kuwa ndivyo kinavyopatana navyo. Chini yake anaandika I like books, na mshale unatoka kwa I. Kisha anaifuta I, anaweka she, na kuuliza darasa zima kitenzi sasa kinadai nini.