Kiendeshi cha Skrini Kinapokwama Njiani

Kiendeshi cha michoro ni kipande cha kiini cha Linux kinachoongea na chipu ya skrini. Kinapoanza kazi huomba vitu kwa zamu: kumbukumbu ya kuwekea rekodi zake, anwani za rejista za chipu, umeme, mapigo ya saa, na laini ya ukatizaji ambayo chipu huitumia kuiita prosesa. Mwisho kabisa hujisajili, na hapo ndipo programu za mtumiaji huweza kufungua faili la /dev/dri/card0. Hatua yoyote inaweza kugoma. Ikigoma ya nne, vitu vya hatua tatu za kwanza vimeshashikwa, na anayepaswa kuvirudisha ni kiendeshi chenyewe.

Lori linalotoka Kisangani kwenda Bafwasende kwa Barabara ya Taifa namba 4 likizama kwenye tope, mzigo uliopakiwa mwisho ndio unaoshushwa kwanza. Kiendeshi nacho hurudi kinyumenyume: saa huzimwa kwanza, ndipo umeme ukatwe. Katika lugha ya C kazi hii hufanywa kwa goto, amri ambayo walimu wengi wa programu huikataza. Hapa inastahili. Mwishoni mwa funksheni huwekwa lebo moja chini ya nyingine, kila moja ikitengua hatua moja kisha kushukia inayofuata. Hatua ikigoma, msimbo hurukia lebo inayotengua hatua iliyoitangulia. Tatizo huja miaka ikipita. Mtu huongeza hatua mpya katikati, akasahau lebo yake. Kikusanyaji hakilalamiki, mashine inawaka, na hakuna anayegundua.

Kosa lenyewe hurudishwa kama namba hasi. -12 maana yake kumbukumbu imekosekana. -517 ni ya aina yake: kitu kinachotegemewa, kwa mfano paneli ya skrini, hakijawa tayari, basi kiini kijaribu tena baadaye. Kwenye simu na kompyuta ndogo namba hii ni ya kawaida wakati wa kuwaka, kwa hiyo njia ya kosa hupitiwa hata na kifaa kizima. Kiendeshi kikiwasha saa, kikapata -517, kikatoka bila kuizima, hesabu ya walioiwasha hubaki imezidi kwa moja. Jaribio la pili nalo likikwama, huzidi kwa mbili. Baadaye skrini huonyesha vizuri tu, ila saa hiyo haizimiki tena hata skrini ikilala. Huko Bafwasende, kwa mtu anayechaji simu kwa paneli ya jua au jenereta, mstari mmoja uliosahauliwa huwa ni betri isiyofika jioni.

Mwaka 2007, katika toleo la 2.6.21, Tejun Heo alileta utaratibu wa devm. Kinachoombwa kupitia utaratibu huo huandikwa kwenye orodha ya kifaa. Kuanza kukishindikana, au kifaa kikiondolewa, kiini hupitia orodha hiyo kutoka mwisho hadi mwanzo na kurudisha kila kitu. Lebo nyingi zikafutwa.

Kwenye michoro, hata hivyo, dawa hiyo ilizaa ugonjwa mwingine. Chukua projekta ya USB inayochomolewa wakati filamu inaendelea. Kifaa kimeondoka, kwa hiyo kumbukumbu ya devm inarudishwa papo hapo. Lakini programu bado imeshikilia faili. Inapolifunga, kiini hugusa kumbukumbu ambayo huenda imeshapewa mwenye kazi nyingine. Kosa hili ni baya kuliko kuvuja, yaani kutorudisha kilichoombwa. Kuvuja hupoteza kumbukumbu; hili huiharibu, na humfungulia mvamizi mlango.

Mwaka 2020 Daniel Vetter aliongeza drmm, orodha ya pili inayofuata uhai wa rekodi ya kiendeshi kuhusu kifaa, si uhai wa kifaa chenyewe. Rekodi huhesabu walioishika, na vitu vya drmm hurudishwa pale wa mwisho anapoachia. Tangu hapo mgawanyo umekuwa wazi: rejista na ukatizaji ni vya devm, kile ambacho programu bado inaweza kukifikia ni cha drmm. Msimbo unaogusa chipu nao huwekwa kati ya drm_dev_enter na drm_dev_exit, ili usiandike kwenye rejista za kifaa kilichokwisha kuondoka.

Anayekagua kiendeshi na aanze na funksheni ya probe, ile inayoendesha hatua za kuanza, ahesabu kilichoombwa na kilichorudishwa. Kisha achomoe kebo video ikiwa inacheza.